Maoni yakifungwa kabla ya kusikika: lugha ya mrejesho katika kazi ya pamoja mtandaoni

"Prof, samahani. Hii ya kifuniko iko na shida kidogo, labda tungeiangalia tena."

Maneno hayo yaliandikwa pambizoni mwa waraka wa pamoja na afisa kijana wa kilimo, Februari moja, tulipokuwa tukitayarisha kijitabu cha kurasa kumi na mbili kwa wakulima wa mahindi wa Endebess. Tulikuwa watu sita: walimu wawili, afisa huyo, mweka hazina wa kikundi cha wakulima, kijana mchoraji, na mimi niliyeombwa kunyoosha lugha. Kila mmoja alikuwa kwake, huyu Kitale, yule Bungoma, na kazi ilifanyika kwenye Google Docs, programu inayowawezesha watu wengi kuandika katika waraka mmoja kwa wakati mmoja na kuacha maoni pembeni.

Niliyasoma maoni yale usiku, macho yamechoka. Nikajibu: "Sema 'ina shida', si 'iko na shida'." Kisha nikabofya kitufe cha tiki. Maoni yakafungwa, yakatoweka pambizoni. Nikalala nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wa mhariri.

Shida aliyoiona kijana yule haikuwa ya sarufi. Rasimu ya kwanza ilimwambia mkulima apande mistari ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75, mashimo sentimita 50 kutoka shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo, na atie kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia. Baadaye mmoja wetu alibadilisha 50 ikawa 25, mbegu moja kila shimo. Nafasi hiyo nayo ni sahihi. Lakini kifuniko kilibaki kilekile.

Piga hesabu, msomaji wangu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa nafasi ya 75 kwa 50 unapata mashimo kama 10,800. Kifuniko cha soda kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 5 za mbolea, kwa hivyo unahitaji kama kilo 54, yaani mfuko mmoja wa kilo 50 na kiasi kidogo juu. Kwa nafasi ya 75 kwa 25 mashimo yanakuwa maradufu, na mbolea inapanda hadi kilo 108. Hiyo ni mifuko miwili na zaidi. Hata kwa bei ya ruzuku ya Sh2,500 kwa mfuko iliyotangazwa mwaka 2023, mtu mwenye ekari tatu anaongezewa gharama ya zaidi ya Sh7,500 kwa sababu ya tarakimu moja.

Aliyeligundua kosa hadharani ni mama mmoja ambaye hakuwahi kuufungua waraka wetu. Kijitabu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa. Mwalimu alikuwa akikisoma kwa sauti mbele ya kikundi, naye akamkatiza: "Ngoja mwalimu. Hiyo si ni mifuko miwili kwa ekari? Nyinyi huwa mnanunua mbolea wapi?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana ghafla nilikumbuka "iko na shida kidogo". Tulishinda siku nzima tukisahihisha nakala mia mbili kwa kalamu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo ndilo kiini cha safu ya leo: Programu ilifanya kazi yake barabara. Ilipokea maoni, ikayahifadhi, ikanionyesha. Basi ni nini kilichoharibika? Jibu langu ni kwamba tulikuwa na maoni, hatukuwa na mrejesho. Na tofauti ya mambo hayo mawili imo ndani ya lugha yenyewe.

Kuona na kurejesha

Neno "maoni" limetokana na kitenzi "ona". Maoni ni yale mtu aliyoyaona, na anaweza kukaa nayo moyoni mwake mpaka afe. Neno "mrejesho" lina nasaba nyingine. Mzizi wake ni "rejea". Kitenzi hicho kikiingia katika kauli ya kutendesha kinakuwa "rejesha", yaani kufanya kitu kirudi kilikotoka. Kinachorejeshwa sharti kiwe na mahali pa kufikia na mtu wa kukipokea. Barua iliyoachwa mlangoni haijarejeshwa.

Programu za kazi ya pamoja, ziwe Google Docs, Microsoft Word ya mtandaoni, Trello au nyinginezo, hutupatia nafasi ya kuandika maoni. Kuyageuza maoni hayo yawe mrejesho ni kazi ya watu, na watu huifanya kwa lugha. Katika mkutano wa ana kwa ana lugha husaidiwa na mengi: sauti hupanda, jicho hukazwa, mtu husogeza kiti, mwingine huguna. Kijana yule angekuwa amekaa mbele yangu ningeiona wasiwasi usoni mwake. Pambizoni mwa waraka hakuna uso. Kilichobaki ni vitenzi, viambishi na mpangilio wa maneno. Kwa bahati njema, Kiswahili kimebarikiwa viambishi vinavyoweza kubeba mzigo huo, ilmradi tuvitumie kwa makusudi.

"Tungeiangalia" ni ombi au ndoto?

Tuanze na hali za kitenzi. Mtu anayetaka jambo libadilishwe ana njia kuu tatu. Anaweza kuamuru: "Badilisha kipimo." Anaweza kutumia kiishio -e: "Ubadilishe kipimo," au "Naomba ubadilishe kipimo." Anaweza pia kutumia kiambishi -nge-: "Tungebadilisha kipimo," au "Ingekuwa vizuri tukibadilisha kipimo."

Kwa vijana waliolelewa huku kwetu, wawe Wasabaot, Wabukusu, Waturkana au wengineo, amri tupu kwa mtu mzima haitamkiki. Mwanafunzi hamwambii mwalimu wake "badilisha". Kwa hiyo hukimbilia -nge-, kiambishi cha masharti. Tatizo ni kwamba -nge- kina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa adabu. Uso wa pili ni wa jambo lisilokuwepo: "Ningekuwa na pesa ningenunua trekta" ina maana kwamba pesa sina na trekta sinunui. Basi msomaji aliyechoka, aliye juu ya mwandishi kwa umri na cheo, husoma "labda tungeiangalia tena" na kusikia "lakini si lazima". Ongeza hapo "samahani", "labda" na "kidogo", na hoja nzito inakuwa nyepesi kama unyoya. Heshima ilimfunika mwenye hoja, ikaifunika na hoja yenyewe.

Kiishio -e ndicho kinachofaa zaidi kazi hii. "Naomba kipimo kibadilishwe kabla ya kuchapisha" ina adabu zote zinazohitajika, kwa maana neno "naomba" limekaa mbele, na wakati huohuo haiachi shaka kwamba jambo linatakiwa litendeke. Ni sauti ya mtu anayeheshimu bila kunong'ona.

"Tu-" ya kila mtu ni ya nani?

Kiambishi cha pili kilichotuponza ni "tu-". Nilipofungua kumbukumbu za maoni yaliyofungwa (programu huyahifadhi, na mtu anaweza kuyafungua upya) niliona "tuangalie", "turekebishe", "tupunguze hapa", "tuulize mtu". Ni lugha nzuri ya ushirika. Katika harambee ya kubeba mawe, "tuinue" hutosha, kwa sababu mikono yote iko kwenye jiwe. Pambizoni mwa waraka mikono imetawanyika. "Tuangalie" inasomwa na watu sita, na kila mmoja anadhani kwamba watano wengine wataangalia.

Dawa yake ni kumtaja mtendaji na muda: "Mwalimu wa hesabu aangalie hesabu hii kufikia Alhamisi." Google Docs inakuruhusu kuandika alama ya @ na anwani ya mtu ndani ya maoni, ukamkabidhi jukumu, naye akapata taarifa katika barua pepe yake. Vijana husema "kumtagi". Lakini kumtagi mtu bila kitenzi chenye nafsi ya tatu, yaani "aangalie", "athibitishe", "ajibu", ni kama kumwita mtu kwa jina barabarani kisha ukanyamaza.

Kosa na mkosaji

Jambo la tatu ni kauli za kitenzi. Linganisha sentensi hizi: "Umekosea kipimo." "Kipimo kimekosewa." "Kipimo hakilingani na nafasi ya mashimo." Ya kwanza inamnyooshea mtu kidole. Ya pili, kwa kauli ya kutendwa, inamficha mtendaji. Ya tatu haina mkosaji kabisa, na juu ya hayo ndiyo pekee inayoeleza kosa liko wapi.

Watu wengi hudhani kwamba kutoa maoni kwa upole ni kupamba sentensi kwa "samahani" na "pole". Ninaloliona ni kwamba upole wa kweli hupatikana mwandishi anapoifanya kazi iwe kiima cha sentensi badala ya mtu: aya inajirudia, picha haionekani vizuri, jumla haitimii. Kiswahili kina kauli ya kutendeka kwa ajili hiyo hasa: "haisomeki", "haieleweki", "hailinganishiki". Mwandishi akiambiwa "aya hii haieleweki" ana mahali pa kuanzia. Akiambiwa "hujui kueleza", hana la kufanya ila kukasirika.

Tahadhari moja lakini. Kauli ya kutendwa inafaa kueleza hitilafu, haifai kueleza uamuzi. "Nafasi imebadilishwa" ndiyo iliyotuletea balaa. Programu ilihifadhi jina la aliyebadilisha na saa aliyobadilisha, ila haingeweza kuhifadhi sababu, kwa kuwa hakuiandika. Anayebadilisha na aseme: "Nimebadilisha 50 kuwa 25 kwa sababu tunapendekeza mbegu moja kila shimo." Lau sababu hiyo ingeandikwa, yeyote kati yetu angeuliza mara moja: je, na mbolea?

Imefungwa, haijafungwa, haikufungwa

Kiswahili kinatupa zawadi nyingine ambayo watengenezaji wa programu hulazimika kuibuni kwa rangi na vibandiko. Viambishi vyetu vya njeo ni orodha kamili ya hali za kazi. "Itashughulikiwa": bado hatujaanza. "Inashughulikiwa": mtu yumo kazini. "Imeshughulikiwa": tayari. Kisha kuna ukanushi, ambao ndio wenye utamu. "Haijashughulikiwa" ni deni lililo wazi, kwa sababu kiambishi -ja- kinaahidi kwamba jambo bado linangojewa. "Haikushughulikiwa" ni mlango uliofungwa, wakati umepita. Anayeandika "haikurekebishwa" huku bado kuna wiki mbili za kazi amelizika jambo likiwa hai.

Kikundi chetu sasa huanza kila jibu kwa mojawapo ya maneno hayo, na kuna la nne tuliloliongeza: "imekataliwa", likifuatwa na "kwa sababu". Kukataa maoni si dhambi. Mwandishi anayekubali kila pendekezo huishia na waraka usio na mwenyewe. Dhambi ni kukataa kimyakimya kwa kubofya tiki, kama nilivyofanya mimi. Kufunga maoni si kutatua tatizo, na vitenzi hivyo viwili tusiviache vikopeshane maana.

Uzito uandikwe, usikisiwe

Hata hivyo, siwezi kuutupa mzigo wote kwa kijana anayeandika. Ni rahisi kwangu kumwambia asiwe na woga. Woga wake una historia, na katika mazingira yetu ya kazi si wa kipumbavu. Ndiyo maana ninapendekeza utaratibu unaomwezesha mtu kuwa na adabu katika sentensi na bado hoja yake ikaonekana nzito.

Mabingwa wa programu za kompyuta waliliona hilo zamani. Katika GitHub, jukwaa lililoanza mwaka 2008 na ambako waandishi wa programu duniani kote hukaguliana kazi, mkaguzi anapowasilisha ukaguzi wake hulazimika kuchagua moja kati ya njia tatu: kutoa maoni tu, kuidhinisha, au kutaka mabadiliko yafanywe. Timu ikitaka, inaweza kuweka kanuni kwamba kazi iliyotakiwa mabadiliko haiunganishwi na kazi kuu hadi suala hilo liondolewe. Uzito wa hoja umetenganishwa na sauti ya msemaji. Hata mgeni wa jana anaweza kusema kwa unyenyekevu mkubwa, na bado neno lake likasimamisha kazi ya mkongwe.

Sisi tusiotumia GitHub tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa neno moja mwanzoni mwa maoni. Tumechagua matatu. SWALI: sielewi, nahitaji jibu. PENDEKEZO: naona ingependeza zaidi hivi, lakini uamuzi ni wa mwandishi. LAZIMA: hatuchapishi kabla jambo hili halijaamuliwa. Katika waraka ule wa kwanza nilihesabu maoni yangu mwenyewe. Mengi mno yalihusu mkato, nukta na upatanisho wa kisarufi. Kwa kuwa hayakuwa na alama yoyote ya uzito, koma zangu na mbolea ya mkulima zilikaa kwenye foleni moja, na koma zikatangulia. Leo hii koma zote ni PENDEKEZO, na mara nyingi siziandikii maoni. Nazirekebisha tu katika hali ya kupendekeza, mwenye waraka akubali au akatae.

Maoni ya afisa wetu, kwa utaratibu huo, yangesomeka hivi: "LAZIMA. Prof, naomba tusichapishe kabla kipimo cha ukurasa wa 5 hakijabadilishwa. Nafasi ya sentimita 25 na kifuniko kizima ni mifuko miwili kwa ekari. Mwalimu wa hesabu athibitishe kufikia Alhamisi." Heshima haijapungua hata chembe. Mahali pametajwa, sababu imetolewa, mtendaji anajulikana, muda umewekwa. Hata mhariri aliyechoka hawezi kuyafunga hayo kwa kusahihisha sarufi.

Nani ana ufunguo?

Swali la nani afunge maoni ni swali la mamlaka, na mamlaka katika uhariri wa Kiswahili ni hadithi ndefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili na kuidhinisha vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tunaidai kamati hiyo shukrani kwa mengi, zikiwemo kamusi zilizotolewa mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson, katibu wake wa kwanza. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa kushuka kutoka juu: mamlaka ya kusahihisha yalikaa upande mmoja, na msemaji wa kawaida wa lugha hakuwa na pambizo la kuandikia "hii iko na shida".

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000, imechukua njia nyingine. Kila makala ina ukurasa wake wa Majadiliano na historia ya kila badiliko lililofanywa. Mtu akibadilisha tarakimu, badiliko linaonekana. Likipingwa, ubishi unaandikwa. Na ubishi huo unabaki pale ili atakayekuja baada ya miaka mitano aone kwa nini neno fulani lilichaguliwa na lingine likaachwa. Njia hii ina kasoro zake: ubishi unaweza kurefuka, na makala nyingi hazina mjadala wowote. Hata hivyo ina funzo moja kubwa. Maoni yaliyojibiwa ni sehemu ya kumbukumbu ya kazi. Si uchafu wa kufagiliwa nje.

Sisi tumechukua njia ya kati. Aliyeuliza ndiye anayefunga, kwa sababu yeye ndiye anayejua kama amejibiwa. Wakibishana, mwenye waraka anaamua, na uamuzi unaandikwa kabla ya kufungwa. Mhariri wa lugha hana ruhusa ya kufunga maoni yasiyohusu lugha. Kanuni hiyo ya mwisho niliipendekeza mwenyewe, na ilipitishwa haraka kuliko nilivyotarajia.

Waliotoka nje ya waraka

Limebaki jambo moja, nalo pengine ndilo kubwa. Tukiwa wakweli, mrejesho mwingi wa timu zetu haupitii kwenye programu ya waraka. Unapitia WhatsApp, tena kwa ujumbe wa sauti uliorekodiwa njiani, au kwa simu, au kwa neno lililosemwa sokoni. Wataalamu wa usimamizi wa miradi hushauri kwamba maoni yote yakusanywe mahali pamoja. Ushauri huo ni mzuri. Ila ukiutekeleza kwa ukali, ukasema "asiyeandika kwenye waraka hatutamsikia", unawaondoa watu walewale ambao kazi inafanywa kwa ajili yao. Endebess iko chini ya Mlima Elgon, katika eneo ambalo mahindi ndiyo maisha. Kitale, umbali wa mwendo mfupi kwa matatu, ndiko mbegu chotara ya H611 ilikotolewa mwaka 1964. Ujuzi wa mahindi umejaa huku. Haujajaa kwenye pambizo za Google Docs.

Kwa hiyo tumemteua katibu wa mrejesho. Kazi yake ni kusikiliza jumbe za sauti, kupokea simu, kuhudhuria usomaji wa hadhara, na kuyaandika yaliyosemwa ndani ya waraka, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, akitaja ni nani. Hairuhusiwi kuyasafisha. Hapa najua baadhi ya wasomi wenzangu watashtuka. Je, mlinzi wa Kiswahili sanifu aruhusu "iko na" kupita mbele ya macho yake? Ndiyo, nitairuhusu, kwa sababu ndani ya kijitabu nitaandika "ina", na pambizoni nitaacha "iko na". Kijitabu ni cha umma na kinahitaji usanifu. Pambizo ni mahali pa mtu kusema alichokiona kabla hajakisahau. Ukimsahihisha mtu Kiswahili chake wakati anakuonya, unamfunza jambo moja tu: kutokuonya tena. Nilimpigia afisa yule kumwomba radhi. Alisema, "Hakuna neno, Prof, nilidhani umeiona." Hayo "nilidhani umeiona" yaliniuma kuliko lawama.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini katika waraka wa pamoja mkuu asiyesikia la mdogo haumii yeye. Wanaoumia ni wale watakaousoma waraka na kuuamini.

Tulitoa toleo la pili kabla ya msimu uliofuata. Safari hii rasimu ilisomwa kwa sauti mbele ya kikundi kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na yule mama aliyetuuliza tunakonunua mbolea aliombwa akae mbele. Maoni yake yaliingizwa na katibu siku hiyohiyo: "LAZIMA. Hiyo kifuniko sasa iko sawa. Lakini maandishi ni ndogo sana, wazee hawataona."

Sikugusa sarufi yake. Nilikuza herufi, nikajibu "imeshughulikiwa", kisha nikamwachia katibu amuulize mwenyewe kama tunaweza kufunga.